Konde la Ini

Kipigo cha kwanza ambacho Nabukalu Sauda anakikumbuka kilitokana na yai. Alikuwa mtoto wa kimo cha meza, mama yake ameshazikwa, naye analelewa na bibi yake, Jajja Nalweyiso, katika chumba kimoja pale Bwaise, upande ule ambao mvua ikinyesha maji ya mtaro huingia ndani bila hodi. Yai lilikuwa la mjomba wake, Sserwadda. Lilichemshwa, likawekwa kwenye kisahani, likafunikwa na kawa. Sauda alilifunua, akalimenya, akalila lote kabla hajaelewa vizuri anafanya nini, na kiini kilikuwa bado kimemganda kwenye fizi mjomba alipoingia.

Kofi lilimtupa hadi kwenye ndoo ya maji. Sserwadda akamfuata hukohuko chini na mkanda.

Jajja hakuingilia. Alikuwa mwanamke wa zamani, aliyekulia kwenye nyumba ambazo kuku na mayai ni chakula cha wanaume, na mwanamke hata kuvitamani haruhusiwi. Baadaye alimkanda mjukuu wake mgongo kwa maji ya moto, akasema, "Mtoto wa kike anayekula mayai, nani atamwoa? Mimi nimezeeka hivi sijui hata yana ladha gani."

"Ni matamu, Jajja," Sauda akajibu, mdomo umevimba.

Bibi alimfinya kwa jibu hilo, lakini alicheka kwanza.

Sserwadda alifanya kazi machinjioni. Jioni alirudi na nyama aliyoifunga kwenye jani la mgomba, Jajja akaipika, na yeye akaila peke yake mlangoni, amewapa mgongo. Bibi na mjukuu walikula posho, ugali mtupu wa mahindi, kwa chai ya rangi. Siku njema yalikuwepo maharage, ila ilibidi uyatafute ndani ya mchuzi kama umepoteza pete. Sauda akakua na nywele za rangi ya kutu, midomo iliyochanika pembeni, na vidonda vya miguuni visivyotaka kufunga. Lakini alikua. Alipoanza kubeba mikungu ya matoke pale soko la Kalerwe, mabega yakatokeza, hata wapagazi wa kiume wakawa wanampisha njia.

Siku iliyobadilisha mambo, Jajja alikuwa mgonjwa, amelala mkekani, na jirani alikuwa amemletea bakuli la mchuzi wa samaki. Sserwadda aliingia amelewa, mikono mitupu, akalitaka bakuli. Bibi kizee akaling'ang'ania. Labda ilikuwa njaa, labda alikuwa amechoka kutoa tu kila kitu maisha yake yote. Sserwadda akamnyang'anya, akampiga nalo usoni. Mchuzi na damu vikatiririka pamoja shingoni mwa yule mzee.

Sauda alikuwa mlangoni, kata ya kubebea mizigo bado iko kichwani. Alimpiga mjomba wake ngumi iliyotoka chini kabisa, magotini huko, ikamkuta chini ya kidevu, na kila mtu uani akasikia taya likilia kama ukuni. Sserwadda akaanguka, akatema jino, akainuka na kisu cha kazini mkononi. Akamchana Sauda mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Sauda akauokota mchi wa kutwangia karanga, akauvunja ule mkono wenye kisu, kisha akampiga mbavuni, kisha mbavuni tena, mpaka majirani wakamshika.

"Bannange, ameshamuua!" mwanamke mmoja akapiga yowe.

"Bado," Sauda akasema. "Niachieni."

Hakumuua. Sserwadda alitoka hospitali akaenda kuishi kwa ndugu zake Luweero, na chumba kile hakukikanyaga tena.

Haikupita wiki tangu ugomvi ule, mzee mmoja mfupi, mwenye pua iliyolala shavuni na vidole vilivyopinda, akapiga hodi. Alikuwa Kasule, aliyepigana ngumi ujanani na sasa anafundisha vijana kwenye banda la mabati nyuma ya gereji.

"Nimemwona Sserwadda wodini anakunywa uji kwa mrija," akasema. "Nataka nimwone mwanamume aliyempiga."

"Ni mimi," Sauda akasema.

Kasule akamtazama juu mpaka chini. "Wewe? Mbona unafanana na waya wa mwavuli?"

"Jaribu basi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kesho asubuhi. Na usije na njaa."

Alikwenda na njaa, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kwenda popote. Kasule alimtazama akiruka kamba, miguu ikaanza kutetemeka mapema, akamkalisha kwenye tairi.

"Jana umekula nini?"

"Posho."

"Na nini?"

"Na chai."

"Hiyo ni nguvu ya kusimama kwenye foleni, mwanangu, siyo ya kupigana. Posho ni mkaa, inawaka, sawa, unaihitaji. Lakini kila konde unalopigwa linabomoa kitu ndani yako. Cha kujengea utakitoa wapi? Kwenye chai?"

Mkewe, Nankya, alikuwa na sufuria kubwa pale nje, na Sauda akaanza kula humo: maharage mazito, dagaa waliokaangwa na karanga, mboga za majani za nakati na dodo, malenge, papai. Siku Nankya alipompa yai, aligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu. Vijana wakamcheka. Akalila. Vidonda vya miguu vikafunga. Midomo ikapona. Mwaka ulipogeuka, alikuwa anawapiga hao hao waliomcheka.

Lakini jambo ambalo Kasule alilisumbukia kuliko chakula lilikuwa maji. Kila asubuhi aliwapanga mstari wanafunzi wake, wake kwa waume, akawauliza mmoja mmoja bila haya yoyote, "Mkojo rangi gani?"

"Majani makavu, kocha."

"Ingia. Wewe?"

"Chai ya rangi, kocha."

"Chai ya rangi haiingii kwenye ulingo wangu. Kanywe, ukae, ukojoe, urudi. Damu ikiwa nzito kama uji, moyo unaisukumaje?"

Wakamtania, wakambandika jina la Daktari wa Chooni. Hakujali. Ujanani, rafiki yake alikufa ulingoni baada ya kujikausha ili apungue kilo, na Kasule ndiye aliyembeba kutoka pale. Hakuisimulia habari ile zaidi ya mara moja.

Sauda akapigana na kushinda. Hakuwa na madoido. Aliingia ndani, akala konde moja ili atoe matatu, na wanawake walioingia naye ulingoni walitoka na nyuso zilizobadilika. Huko Jinja alimpasua mtu nyusi mpaka refa akateleza kwenye damu. Huko Masaka watu walimrushia chupa kwa kumwangusha mtoto wao mapema, naye akaokota moja, akairudisha ilikotoka.

Ndipo Lubowa alipomwona. Lubowa alikuwa mwandaaji wa mapambano, mtu wa suti na marashi, mwenye sauti laini. Alimtaka Sauda agombee mkanda, ila katika uzito wa chini ya ule wake.

"Bingwa wa pale juu ni mkali," akamwambia Kasule. "Huyu wa chini amechoka. Mkaushe kidogo tu, anaingia."

"Mwili wake si nguo mbichi, ssebo, ukaukamue na kuuanika."

"Mzee, dunia nzima wanafanya."

"Na dunia nzima wanazika."

Sauda aliutaka mkanda. Aliutaka kuliko alivyowahi kutaka chochote tangu lile yai. Akamwacha Kasule bila kuaga, akaenda kwa Lubowa.

Walimfungia chumbani na majiko ya mkaa na masufuria yanayochemka, amevishwa mifuko ya plastiki chini ya nguo nzito, arukeruke. Chakula kilikuwa vipande vya tango. Maji, hakuna. Walimpa vidonge vya kuharisha, halafu peremende chachu anyonye ili mate yajae, na kopo la kuyatemea. Alipojilamba jasho mkononi, mmoja wa watu wa Lubowa alimchapa kibao cha mdomo. "Tema!" Usiku aliota mtaro wa Bwaise umejaa, naye amelala kifudifudi anakunywa.

Mzani ulimkubali. Hapohapo wakampa maji, akayabugia kama ng'ombe, akayatapika yote.

Kuhusu pambano lenyewe anakumbuka vipandevipande. Misuli ya mashavu ya miguu ilijikunja kama kamba, miguu ikagoma. Yule bingwa aliyesemwa amechoka akamweka kwenye kona na kumtwanga kama mtu anayepasua kuni, bila haraka, bila hasira. Pua ilivunjika. Kinga ya meno ikaruka kwa watazamaji. Sauda alitaka kuinua mikono, mikono ikabaki ilipo. Kengele hakuisikia, wala sakafu hakuiona inakuja.

Alizinduka hospitalini, mpira wa dripu mkononi. Alipokojoa, mkojo ulikuwa mweusi kama soda. Daktari, mwanamke kijana aitwaye Nagawa, alimwonyesha ile chupa.

"Hii ni misuli yako," akasema. "Imevunjikavunjika, ikaingia kwenye damu, na figo zako zinasongwa nayo. Figo inaosha kwa maji. Wewe uliinyima maji, ukaipelekea takataka. Na hayo maji uliyoyanywa matupu, bila chumvi, bila chakula, baada ya kuzikausha chumvi zote mwilini? Yasingekusaidia hata kama yangekaa."

"Nitapigana tena?"

"Niulize kwanza kama utakojoa tena."

Jioni ile Kasule alikuja na chupa ya uji. Sauda aligeukia ukutani kwa aibu. Mzee akavuta kiti, akakaa.

"Rangi gani leo?" akauliza.

Sauda akalia mpaka pua iliyovunjika ikaanza tena kutoka damu.

Figo zilirudi polepole. Alirudi kwa Kasule, akapigana katika uzito wake mwenyewe, na mkanda akaupata huko juu, kwa yule mkali waliyemkwepa, baada ya raundi zote kumi, wote wawili nyuso zimekuwa kama nyama ya buchani. Akaushika miaka kadhaa. Jajja alifariki kipindi hicho, akiwa ameshaonja mayai, na ameyasema vibaya kwamba hayana chumvi.

Akello Scovia alitokea Lira, kule kaskazini. Alikuwa binti wa Kilango, mrefu, mwenye mikono inayofika mbali, na ngumi yake ya kulia ilikuwa imeshawalaza wengi. Kwa umbo lake alistahili kupigana uzito wa juu ya ule wa Sauda. Lakini alikuwa chini ya Lubowa, na Lubowa alitaka ule mkanda wa Sauda.

Siku ya kupima uzito Sauda alimwona akishikiliwa na watu wawili, taulo limemviringa, macho yameingia ndani, ngozi ya midomo inabanduka. Alipopanda mzani alifumba macho. Mzani ukakubali, Lubowa akapiga makofi.

"Amekamuliwa," Kasule akanong'ona.

Sauda akamwendea msimamizi. "Huyu mtoto ni mgonjwa. Mpeni wiki mbili, nitamsubiri."

"Mzani umesema sawa, champion."

"Mzani haujui kama mtu ana maji."

Lubowa akacheka kule nyuma. "Mama, umeanza kuogopa watoto?" Hata Akello akatabasamu, na mdomo ukapasuka, ukatoa tone la damu, akaliramba upesi.

Siku ya pambano ukumbi ulijaa, madirisha yamefungwa, joto la kupikia mkate. Akello alitoka kwenye kona yake kama aliyefunguliwa mnyororo. Alijua hana muda mwingi, na alitaka kumaliza kabla mwili haujammaliza yeye. Raundi ya kwanza ngumi yake ya kulia ilimpasua Sauda nyusi. Ya pili ikampeleka goti moja chini, akahesabiwa, damu inamwingia jichoni, watu wamesimama kwenye viti wanapiga mayowe. Sauda aliinuka, akaingia ndani, akamkandamiza mbavu kwa mikono yote miwili, wakapigana vichwa vimegusana kama mafahali. Alimng'oa jino. Akello akalitema, akampiga Sauda kiwiko wakati refa haoni.

Raundi ya tatu Akello akapungua. Ngumi zikaja zikiwa na uzito lakini hazina shabaha. Raundi ya nne walipokumbatiana, Sauda aliigusa ngozi ya mgongo wake kwa mkono, akashtuka. Refa shati limemloa. Yeye mwenyewe jasho na damu vinamchuruzika mpaka kwenye viatu. Mwili wa Akello ulikuwa mkavu kabisa, na una moto kama sufuria lililosahaulika jikoni.

"Mdogo wangu," akamwambia sikioni, "huna jasho. Keti chini. Piga goti, wakuhesabu, yaishe."

"Keti we... wewe... bibi kizee." Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

"Utakufa hapa."

Akello akamng'ata bega.

Refa alipowatenganisha, Sauda akamwambia, "Mtazame macho. Simamisha."

"Piga ngumi, au nakukata pointi!"

Kengele ikalia. Kwenye kona Kasule alimziba nyusi kwa mafuta, akampa maji mafunda madogo, macho yake yako upande wa pili. Kule Lubowa alikuwa anampiga Akello vibao mashavuni kumwamsha.

"Watamwacha aendelee," mzee akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. Alikuwa amerudi kwa yule rafiki yake aliyembeba. "Ukimpiga kichwani, Sauda, sasa hivi, mshipa unakatika. Hatutamrudisha."

"Nikimwacha je?"

"Ukimwacha atasimama raundi zote mpaka moyo usimame. Unamwona ni mtu wa kukaa chini huyo?"

Sauda akaivaa kinga ya meno. "Basi namkalisha mimi."

Raundi ya tano aliinua mkono wa kulia juu, akautupa kuelekea uso wa Akello, polepole makusudi. Binti akainua glavu zote mbili kujikinga, mbavu zikabaki wazi. Sauda akazama, akageuza nyonga, akampiga konde la kushoto chini ya mbavu za mwisho, kwenye ini.

Anayepigwa ini haanguki papo hapo. Hupita pumzi moja, na katika pumzi hiyo anadhani amesalimika. Kisha miguu huondoka. Akello alifungua mdomo, hakuna sauti iliyotoka, akashuka kwa magoti, paji la uso likagusa turubai.

"Tano! Sita!"

Kaa hapohapo, Sauda akaomba. Kaa, kaa.

Saba, akaweka glavu chini. Nane, akainuka. Ukumbi ukalipuka. Alisimama akiyumba, haoni kitu, mikono iko kiunoni, uso wote wazi.

"Kichwa!" watu wakapiga kelele. "Kichwa! Mmalize kichwani!"

Sauda alikuwa na ule uso mbele yake kama mlango usio na komeo. Akamsogelea, akamkumbatia kwa mkono wa kulia, akamwegemeza kifuani kama mtu anayecheza naye muziki, na kwa mkono wa kushoto akampiga palepale, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akasikia ubavu ukivunjika chini ya ngumi yake. Akello akalegea. Sauda hakumwachia aanguke. Alishuka naye taratibu, akakilaza kichwa chake chini kwa mkono, kisha akaenda kona aliyoelekezwa, akaegemea kamba, akatapika.

Watu walizomea. Walikuja kuona mtu anazimishwa taa kichwani.

Alikuwa bado hajavuliwa glavu aliposikia vurugu kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha upande wa pili. Akaingia. Akello alikuwa sakafuni, macho meupe, mwili unarukaruka. Mtu mmoja amemshika taya, mwingine anamsindilia chupa ya maji kooni, na maji yanamtoka puani.

"Hajitambui, mtampalia! Mgeuzeni ubavu!" Sauda akamsukuma yule wa chupa akajigonga kwenye kabati. "Kocha, mataulo! Lowesha mataulo, mwekee shingoni, kwapani, mapajani. Fungueni madirisha! Iko wapi gari ya wagonjwa?"

"Hakuna hospitali," Lubowa akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, amefunga njia. "Wanahabari wako nje. Mmwagieni maji, atembee mpaka kwenye gari langu mwenyewe. Hawa wa kaskazini wagumu, mtaona ataamka tu."

"Pisha."

"Wewe umeshinda, nenda zako. Huyu ni mtu wangu, nitamfanya..."

Hakumaliza. Sauda alimpiga na glavu bado mkononi, kisha akaing'oa kwa meno, akampiga kwa mkono mtupu. Lubowa akaenda chini na meno yake ya mbele, suti imelowa damu na maji, akajaribu kutambaa, na Sauda akamkalia kifuani, akampiga tena, na tena, akiwa hamwoni Lubowa peke yake pale chini, bali na mjomba wake. Kasule ndiye aliyemtoa.

"Inatosha! Sauda! Mshike mtoto miguu, tumbebe."

Walimbeba wenyewe hadi kwenye gari la muuza maziwa lililokuwa nje, wakamfunika mataulo ya maji, wakapiga honi njia nzima.

Dakta Nagawa alikuwa bado yuko pale hospitali, sasa ana mvi mbili tatu. Alimtazama mgonjwa, akamtazama Sauda mwenye nyusi iliyopasuka na vifundo vya mkono vilivyochubuka. "Mwingine tena," akasema, akaanza kazi. Barafu, dripu, dawa ya kuzuia kutetemeka. Wakasafisha damu ya Akello kwa mashine siku nyingi. Alipoweza kumeza walimpa maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, kisha uji mwepesi, kisha ndizi zilizopondwa. Kichwani hakukuwa na damu iliyovuja. Dakta alilirudia hilo mara mbili mbele ya Sauda, kwa makusudi.

Chama cha ngumi kilimfungia Sauda maisha kwa kumshambulia mwandaaji. Mkanda ukachukuliwa. Lubowa aliweka meno ya dhahabu, akaendelea na kazi yake, na anaifanya hadi leo, ingawa mabondia wenye walimu wazuri humkwepa. Akello, alipopata nguvu, alisema redioni kwamba alikuwa amebakiza konde moja tu ashinde, na kwamba Sauda ni mwoga anayepiga matumbo kwa sababu anaogopa nyuso.

Sauda alisikia hayo akiwa anakoroga sufuria ya Nankya. Kasule alikuwa amezeeka, na sasa Sauda ndiye aliyekuwa akipanga mstari wa asubuhi na kuuliza rangi.

Siku moja Akello akaingia bandani na begi begani. Alikuwa amenenepa kidogo, mashavu yamerudi. Vijana wakaacha kuruka kamba.

"Nimekuja tumalize," akasema. "Hapahapa. Bila refa."

"Umekula?" Sauda akamwuliza.

"Hayo hayakuhusu."

"Basi leo hatupigani. Pale kuna katogo, ndizi na maini. Kula, kunywa, ulale. Kesho nipige unavyotaka."

"Huniogopi?"

"Nakuogopa sana. Ndiyo maana sitaki uje na visingizio."

Vijana wakacheka. Akello alisimama sana pale mlangoni. Mwishowe akaweka begi chini, akachukua sahani, akala amewapa watu wote mgongo, na Sauda, aliyewahi kumtazama mtu mwingine akila vile, akaondoka amwache ashibe kwa amani.

Asubuhi walipigana. Akello sasa alikuwa na uzito wake mwenyewe, na jasho lilimtoka kama mvua. Sauda alijitahidi, lakini umri ulikuwa umempita. Konde la kulia lilimwangusha chali, akainuka, la pili likamvunja mbavu, akashuka chini akishindwa kuvuta pumzi. Alipoipata, akaanza kucheka, na kucheka kukamuuma vibaya mno.

"Simama, bibi kizee," Akello akasema, anatweta juu yake.

"Siwezi. Umenivunja."

"Vizuri."

Akamwinua lakini. Akamkalisha kwenye tairi, akamfunga bendeji kifuani kwa mikono isiyo na upole, akimkaza kuliko ilivyohitajika. Asante hakuisema, wala hajaisema tangu hapo. Begi lake liliachwa bandani siku ile, na kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Sasa anapigana uzito wa juu, ambao ndio wake. Sauda haruhusiwi kusogea ulingoni, kwa hiyo hukaa huko juu kwenye viti vya mbao, ubavu ukimuuma, akibishana kwa sauti na kila anayekaa jirani yake.